Kiti Alichokikalia Hesbon

S.L.P. 2206,
Kitale.
Jumamosi, 10 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Kizito,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Kitale. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Joy na watoto, na kwamba baridi ya huko Edmonton imeanza kulegea kidogo. Kifua cha Joy kinaendeleaje? Mwambie dawa ni kunywa mpaka ziishe, si mpaka apate nafuu. Na yule mdogo, bado anakataa mboga? Msimlazimishe. Wewe mwenyewe ulikula ugali kwa maziwa mpaka ukaingia darasa la nne na hukufa.

Sisi ni wazima. Mvua imeshika, mahindi ya Hesbon yamefika magotini na magugu nayo yamefika hapo hapo. Mgongo wangu unaniuma nikiinama na unaniuma nikisimama, kwa hiyo nimeamua kuandika nikiwa nimeketi. Nimechoka, Kizito. Nakuambia mapema ili sauti yangu isikushangaze huko mbele.

Usishangae pia kupata karatasi siku hizi za simu. Kila tukiongea, Mama huwa karibu, na simu yangu inasikika mpaka kwa jirani. Haya ninayotaka kukueleza yanamhusu Mama, yanamhusu mkwe wake, na yanahusu choo. Siwezi kuyasema akinisikiliza. Bahati nzuri Divya, binti wa Tarsem mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, anakwenda masomoni huko huko kwenu, na amekubali kuibeba. Mpokeeni vizuri. Ni mtoto mwenye adabu na hajui theluji ni nini.

Nimeona maswali yako yote kuhusu bafu unalotaka kumjengea Mama nyumbani Matulo. Nimeona pia zile video. Kizito ndugu yangu, video zako zimenichosha. Yule mzungu anabandika vigae ukuta mzima wimbo mmoja ukiimbwa, na shati lake halipati hata tone la simiti. Hapa kwetu fundi akija leo, kesho ana matanga Kamukuywa, na keshokutwa mchanga umesombwa na mvua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini umeuliza kwa nia njema, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ambayo mimi na Hesbon tumeyaona kwa macho yetu.

Lile beseni refu la kulala ulilonitumia picha yake, lisahau. Mama alivunjika nyonga. Mguu wake hauwezi kupanda ukingo wa juu namna ile, na akishaingia, ni nani atamtoa? Mwekee mahali pa kuogea palipo sawa na sakafu, pasipo kizingiti cha kuruka, pawe na kiti kifupi cha kukalia na maji yamwagikie hapo hapo.

Sakafu isiwe ya vigae vinavyong'aa. Najua vinapendeza. Vikishika sabuni vinateleza vibaya sana. Chukua vile vya kukwaruza, vidogo vidogo, kwa sababu mifereji kati yake husaidia mguu kushika. Na kabla ya kigae chochote kubandikwa, mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu uone yanakimbilia wapi. Fundi wetu Wamalwa, kijana wa watu, mchapa kazi, alitengeneza mteremko mzuri ajabu. Ulikuwa unaelekea mlangoni. Maji yaliacha tundu lake yakaja kutusalimia chumbani. Ilibidi kubomoa na kuanza upya, na Wamalwa alinuna kana kwamba ni mimi niliyeshika pima maji.

Mlango ufunguke kwa nje. Hilo si la urembo. Mtu akianguka ndani na mlango unafunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaokuwa komeo. Vyuma vya kushikilia viwekwe ukutani kabla ya plasta, vifike kwenye tofali lenyewe. Ukivichomeka baadaye kwenye plasta, siku atakapovivuta kwa uzito wake vitatoka naye. Ile shawa ya kuchemsha maji kwa umeme, kama hakuna waya wa kushuka ardhini, usiiweke. Heri achemshiwe maji kwa kuni.

Tangi liinuliwe juu ya jukwaa la matofali, maji yashuke yenyewe, maana umeme wa Matulo unaujua. Na plasta imwagiliwe maji wiki nzima hata kama mafundi watakuambia inatosha. Wana haraka ya kwenda kwa mwingine.

Hayo ndiyo uliyoyauliza. Sasa nikueleze usiloliuliza, ambalo ndilo lililonizeesha.

Unakumbuka Mama alivyoanguka. Alikuwa akienda chooni, kile cha nyuma ya migomba, tope likamtoa mguu. Alipotoka hospitali Bungoma, daktari akataka awe karibu na mahali pa mazoezi ya mguu, na hapa Kitale ndipo tulipompata mtu wa kumfanyisha. Wewe uko mbali, nyumba ya Matulo haina mtu. Nikamwambia aje kwangu. Tangu niolewe, Mama hajawahi kulala kwangu hata mara moja, na unajua sababu. Kwetu sisi mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala hawapeani mkono. Hesbon akitokea huku, Mama anapita kule. Hawajawahi kugombana. Wanaheshimiana tu, na heshima yenyewe ndiyo hiyo.

Alikubali kuja kwa sharti moja, asiwekwe ndani ya nyumba. Tukaitoa mahindi ile stoo iliyo upande wa pili wa ua, tukapaka chokaa, tukamwekea kitanda. Hapo akatulia. Lakini bafu na choo viko ndani ya nyumba, na Hesbon ndiye anayevitumia kila asubuhi. Mama hakutaka hata kuusikia mlango wake ukitajwa. Nikawa namwogesha kwa beseni mle stoo, na kwa yale mengine namwekea ndoo yenye kifuniko. Mimi ni binti yake, sikuona taabu. Yeye ndiye aliyeona taabu. Kila nilipoibeba ile ndoo kupita uani, aligeuza uso ukutani.

Halafu nikaanza kuona vikombe. Nampa chai, anarudisha nusu. Nampa uji, anarudisha nusu. Maji hayagusi. Nikimuuliza, anasema ameshiba. Kizito, ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mama yetu anajinyima maji ili asihitaji kwenda haja. Alikuwa akikauka mbele ya macho yangu, na mimi nikidhani ni uzee. Midomo ilipasuka. Mazoezini alipata kizunguzungu. Daktari akanivuta kando, akasema asipokunywa, figo zitamrudisha wodini, na safari hiyo hatakuwa na uhakika wa kumtoa.

Siku hiyo nilimweleza Hesbon. Unamjua shemeji yako, mwalimu mstaafu, mtu mnene, hana haraka. Alisikiliza, akamaliza chakula chake, akatoka kwenda kupima ukuta wa stoo kwa kamba. Kesho yake Wamalwa alikuwa akichimba msingi wa bafu la Mama, mlango wake ukitokea chumbani mwake mwenyewe. Hesbon alibeba kokoto. Alichekecha mchanga. Alienda kwa Tarsem kuchagua bomba moja moja kama mtu anayechagua mahari. Sijawahi kumwona akifanya kazi namna ile hata kwa ajili ya nyumba yetu.

Mama alikuwa akiketi kwenye kiti chake nje, kwa mbali, amewapa mgongo nusu, lakini alikuwa akitazama. Nilianza kuwa na furaha. Kile kikombe kilianza kurudi kikiwa robo.

Sasa sikia. Siku kiti cha choo kilipowekwa na simiti yake kukauka, mlango ulikuwa bado kupachikwa. Palikuwa wazi kabisa, na mlango wa stoo ukiwa wazi uliweza kuona mpaka ndani kutoka uani. Hesbon alikuwa na wasiwasi kwamba kiti kitatikisika na kumwangusha Mama. Wamalwa alikuwa amekijaribu, lakini Wamalwa ni mwembamba kama ufito. Basi mume wangu, na suruali yake na koti lake la mvua na gambuti, akaingia, akageuka, akakaa. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Akapaza sauti kwa furaha, "Hii kiti iko sawa kabisa! Haitingishiki!"

Akainua macho. Mama alikuwa pale uani, amegeuka, anamtazama.

Alivuta leso akafunika uso. Hesbon akainuka akatokea upande wa pili wa nyumba akaenda shambani kwa njia ya mbali, na hakurudi mpaka chakula cha jioni. Hakuwa amefanya kosa lolote, na wote tulijua kwamba amefanya kosa kubwa.

Jioni hiyo kikombe kilirudi kimejaa. Nikamuuliza Mama, si bafu limekwisha, mlango unapachikwa kesho, shida ni nini? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mkwe yangu amekaa hapo. Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nilisema yote ambayo wewe ungesema. Kwamba alikuwa amevaa nguo. Kwamba alikaa kama fundi. Kwamba tutakisugua kwa dawa. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto. Kwake, mwanamume aliyemwoa binti yake amekaa mahali pale, na yeye amemwona akikaa, na mahali pale si pake tena. Niliinua sauti, Kizito. Nilimwambia atakufa kwa ajili ya kiti. Akasema ni heri hivyo kuliko kuishi bila haya. Nikatoka nikalia karibu na tangi la maji, si kwa huzuni tu, nilikuwa na hasira naye, na nawe, na Hesbon, na Wamalwa kwa kutokuwa mnene.

Nikamwita Pasta Job, nikijua Mama hakosi ibada. Pasta akaja na Biblia yake, akaeleza kwamba hayo ni mambo ya zamani, tumekombolewa. Mama akamwachia mpaka akamaliza. Halafu akamuuliza, "Sasa pasta, wewe mama mkwe yako anaoga kwa bafu yako?" Pasta akatazama saa yake. Akaomba sala fupi, akanywa chai, akaenda. Yeye kikombe chake alikimaliza.

Aliyeumaliza mjadala ni Hesbon. Nilidhani amekasirika, maana ni kazi ya mikono yake iliyokataliwa, na mtu mwingine angesema huyu mzee arudi kwake. Nilimkuta asubuhi ameshika nyundo na patasi, akinisubiri niende nimwambie Mama ahamishe kiti chake upande mwingine kidogo kwa sababu kutakuwa na vumbi. Akasema tu, "Hata mamangu hangekubali." Akaanza kugonga.

Hapa ndipo jibu la swali lako moja lilipo, lile la kama kiti cha choo kishikwe kwa simiti au kwa skrubu. Sisi tulimwaga simiti. Kilishikilia kama kilichozaliwa pale. Hakikutoka mpaka kilipopasuka vipande viwili, na bomba la chini likang'oka nacho, na sehemu ya vigae pia. Weka skrubu, ndugu yangu. Mtu hajui ni lini atahitaji kukitoa, na hawezi kubuni sababu zote.

Hesbon alienda kwa Tarsem mwenyewe kuagiza kingine. Tarsem akashangaa, "Mwalimu, si nimekupatia kiti juzi? Imeenda wapi bana?" Hesbon akamjibu kwamba kimekuwa kidogo. Nafikiri Tarsem alielewa, kwa sababu hakucheka. Akamwambia Hesbon kwamba mama yake yeye Tarsem, Champa, naye ana sheria zake za jikoni ambazo wakwe zake wote wamejifunza kuzinyamazia. Akakituma kwa pikipiki, kimefungwa kwa karatasi, na akaagiza kisifunguliwe njiani.

Hesbon hakukigusa. Hata karatasi hakugusa. Alisimama getini ametupa mgongo, akimpigia Wamalwa kelele za maelekezo bila kugeuka. Kikawekwa kwa skrubu. Ikabaki kukijaribu, na Wamalwa, kama nilivyosema, ni ufito. Basi nikakaa mimi. Mimi nami si mzito wa kutosha, mwaka huu umenipunguza, kwa hiyo Wamalwa akanipakatisha nusu mfuko wa simiti. Fikiria dadako, mke wa mwalimu, kwenye kiti cha choo, mlango wazi, amepakata simiti kama mjukuu, anajitikisa kushoto na kulia.

Nikasikia sauti nisiyoijua. Ni Mama. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika nyonga yake mbaya na kusema inauma, akaendelea kucheka. Akaniuliza, "Inatingishika?" Nikamwambia haitingishiki. Akafuta macho.

Mlango ulipachikwa siku hiyo hiyo, unafunguka kwa nje. Hesbon amesimamisha mabati kati ya nyumba na stoo ili asimwone akiingia wala kutoka, na siku hizi akipita uani anakohoa kwa nguvu kama ng'ombe mgonjwa. Mama akisikia kikohozi, anajua mkwe wake anamheshimu. Mimi naona mabati yanaharibu ua wangu, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo, Kizito, ule mchoro wako wa Matulo, wenye bafu moja zuri katikati ya nyumba kwa ajili ya wote, uuchane. Mama awe na lake, mlango utokee chumbani mwake, na wageni wajengewe lao nje, ili Hesbon akija asilazimike kukohoa kuanzia barabarani. Na usimwachie kila kitu fundi na simu. Mama anataka kurudi kwake kabla ya mavuno. Hajaniambia mimi, amemwambia kuku. Njoo likizo hii, hata kama ni kwa siku chache, uchekeche mchanga mwenyewe. Mimi siwezi kujenga bafu jingine. Nikikuambia siwezi, sikutishi, nakueleza tu hali ya mgongo wangu na ya moyo wangu.

Tarsem anakusalimu, anasema viti vyake vyote ni imara, kosa si lake. Linah wa hapo jirani anauliza kama huko kuna wachumba. Wamalwa anakusalimu pia, bado amenuna kidogo. Hesbon anasema uje na buti. Msalimie sana Joy, na watoto waambie Kukhu, bibi yao, anawaombea kwa majina yao, na anachanganya majina lakini Mungu anawajua.

Mwenyezi Mungu awalinde katika baridi hiyo, awape kazi isiyowavunja, na awarudishe nyumbani mkiwa na meno yenu.

Nilitaka kuongeza jambo kuhusu bomba la kutolea harufu, lakini Mama ananiita kutoka upande wa pili wa mabati. Nilidhani ni mguu. Kumbe ameinua kikombe chake juu nikione, ni kitupu, na anasema kama chai bado ipo nimwongeze. Acha niende nikamwekee maji mengine jikoni.

Wako akupendaye hata akiwa amechoka,
Dadako Nakhumicha